Alitia Chumvi kwa Mizani

Mchungaji, wazee wetu, shemeji zetu, majirani, na ninyi mliokuja moja kwa moja kutoka maabara mkiwa bado na makoti meupe, familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu awasomee maisha ya dada yake, naye amekubali kwa woga, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba elimu yake iliishia darasa la saba na mwandiko wake ni wa kuku aparuaye, kwa hiyo atakapojikwaa mumvumilie. Ya pili ni kwamba ndani ya karatasi hizi kuna jambo moja ambalo halijapata kusemwa mbele ya watu, nalo linahusu jina la marehemu kazini kwake, na jana shangazi alipoliona limeandikwa alimwambia, "Mwanangu, soma tarehe, soma shule, soma watoto, kaa chini," naye akaitikia, "Sawa, shangazi," na hiyo sawa ilikuwa ya mdomoni tu, Mungu amsamehe na shangazi amsamehe, kwa maana jambo lenyewe bado limo na leo litasomwa. Humu ndani anajiita mdogo wake, kwa kuwa hivyo ndivyo dada alivyomwita mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi, tarehe 3 Machi 1962, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba, aliyekuwa fundi wa betri za magari, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, na mama alipenda kusimulia kwamba mkunga hakukuta maji safi ndani isipokuwa dumu la maji ya betri, yale safi yasiyotiwa asidi bado, basi mtoto akaogeshwa kwa hayo, na baba akasema, "Huyu ameshachajiwa, hazimiki huyu." Nyumba yenyewe ilikuwa mbele kazi na nyuma kitanda, katikati pazia, na watoto wote walikwenda shule wakiwa na matundu madogo kwenye nguo, matundu ya asidi, hata wenzao wakawaita watoto wa nondo.

Tarehe 17 Juni 1971, marehemu akiwa na umri wa miaka tisa, betri ya lori ilipasuka mbele ya uso wa baba, asidi ikamwingia jicho la kushoto, na huyo mtoto ndiye aliyemkalisha chini na kummwagia maji kopo baada ya kopo, bila kulia, mpaka watu wazima wakafika. Jicho halikupona. Baba aliendelea na kazi kwa jicho lililobaki, na tangu siku hiyo marehemu akawa na swali moja aliloliuliza mezani, shuleni na hata kwenye mafundisho ya dini, kwamba kwa nini betri lazima iwe na maji ndani, mwalimu wa dini akamjibu, "Binti, hilo muulize baba yako," naye akasema, "Baba ndiye aliyenituma."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, sekondari kuanzia 1976 hadi 1979, hakuchaguliwa kuendelea kwa kupungukiwa na alama mbili, akakaa nyumbani mwaka mzima akimsaidia baba kujaza betri, kisha Februari 1981 akapata nafasi ya kusomea kazi ya fundi wa maabara, akahitimu Novemba 1982, na cheti chake, ambacho kiko mezani hapo pembeni ya picha, kina maneno ya mwalimu wake wa mizani yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, "Mkono wake hautetemeki." Januari 1983 aliajiriwa katika maabara ya shule ya sekondari, na tarehe 2 Aprili 1990 akahamia maabara ya fizikia ya chuo, ghorofa ya pili, mwisho wa korido, mlango wa kijani, mahali alipofanya kazi mpaka alipostaafu, ukiondoa miaka sita ambayo tutaifikia.

Kabla ya hapo, tarehe 20 Desemba 1986, alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, aliye hapa mbele, ambaye alikutana naye alipopeleka koti la kazi likapunguzwe kiuno. Fundi alimpima kiuno mara ya kwanza, akampima mara ya pili, akampima mara ya tatu, marehemu akamuuliza, "Fundi, kipimo unacho tayari, sasa unatafuta nini?" naye shemeji akajibu, "Wastani." Marehemu alisema ni jibu hilo lililomwoza. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 11 Mei 1988, sasa ni muuguzi, wa pili kijana, aliyezaliwa tarehe 30 Septemba 1991, dereva wa gari la wagonjwa, na wa tatu binti, aliyezaliwa tarehe 4 Januari 1996, mwalimu wa hesabu, na wajukuu wanne, ambao mmoja amepewa mizani ya bibi yake na hataki kuiachia.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana wengi mtaani mmekuwa mkiuliza kwa miaka kwamba yule mama anapika nini huko chuoni. Mwaka 2003 Profesa wa maabara ile alianza utafiti wa tando za plastiki zinazopitisha umeme, kusudi siku moja betri iwe na utando mkavu katikati badala ya maji ya asidi, na marehemu aliposikia hivyo alirudi nyumbani akalia, kwa sababu aliona Mungu amemjibu swali la baba baada ya miaka thelathini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha unga wa plastiki katika maji ya betri, haya haya aliyoogeshwa, kwa moto mdogo na kijiti cha sumaku kinachozunguka chenyewe, kisha kutia chumvi, si ya mezani bali ya maabara, kwa mizani inayosikia hata pumzi ya mtu, kisha kuumimina mchanganyiko kwenye visahani, kuukausha siku kadhaa, na kuubandua ukiwa utando mwembamba kama ganda la kitunguu. Utando usio na chumvi umeme haupiti, ni kama ukuta. Utando wenye chumvi kidogo umeme hupita kidogo, ukiongeza chumvi unapita zaidi, lakini kuna mahali ukivuka mambo yanageuka, ukiongeza chumvi umeme unapungua, utando unakuwa na ukungu mweupe na unavunjika ukiukunja. Mdogo wake alipomuuliza sababu alimwambia, "Chumvi ikiyeyuka inagawanyika vipande vipande, na vile vipande ndivyo vinavyotembea na umeme mgongoni. Vikiwa vichache vinapata njia. Vikiwa vingi mno vinashikana viwili viwili, vinakaa kitako, safari imekwisha. Chumvi ni ya kukolea, mdogo wangu, si ya kuonekana."

Adui wa kazi ile alikuwa unyevu, kwa sababu chumvi ya namna hiyo ina kiu, inakunywa maji hata ya hewani, na utando ukishakunywa maji unapitisha umeme mwingi wa uongo, ukipimwa unatoa namba nzuri ajabu isiyokuwa yake. Kwa hiyo tando zilizokauka zilihifadhiwa ndani ya chombo kikubwa cha kioo chenye kifuniko kizito, mdomo wake umepakwa grisi ili hewa isipenye, na chini kabisa zimewekwa punje za kunyonya unyevu, ambazo zikiwa bluu pako salama, na zikigeuka waridi ujue maji yameingia. Muyashike mambo hayo mawili, grisi na punje, kwani kisa chote kimesimama juu yake.

Tarehe 7 Machi 2005 marehemu alimwombea kazi ya ufagizi katika jengo lile mdogo wake huyu, aliyekuwa na miaka thelathini na moja na ambaye kila kazi aliyoishika ilimponyoka, akasimama mbele ya msimamizi akasema, "Akikosea, mje kwangu." Alikosea. Mwaka 2006 alivunja chupa tatu za kupimia akapewa onyo la kwanza, mwaka 2007 alichomoa waya wa tanuri ili achomeke mashine ya kung'arisha sakafu akapewa onyo la pili kwa maandishi, na akaambiwa la tatu halitaandikwa, atafungasha.

Ijumaa tarehe 8 Agosti 2008, mke wake akiwa na mimba ya miezi saba, mdogo wake aliingia kufagia chumba cha mlango wa kijani. Marehemu hakuwepo, alikuwa amepewa ruhusa ya siku mbili, Ijumaa na Jumatatu, ampeleke mama kutibiwa, na juu ya chombo alikuwa ameacha kikaratasi kilichoandikwa, "Usiguse tando. Zinakauka." Mdogo wake alikisoma, akakitii, hakugusa tando. Lakini akaona mdomo wa chombo una mafuta machafu yaliyonasa vumbi, akaona haya kwa ajili ya dada yake, kwamba mtu msafi kama yule wageni watamwonaje, akainua kifuniko, akapangusa grisi yote kwa kitambaa chenye maji na sabuni ya sakafu, akasugua mpaka kioo kikalia, akarudisha kifuniko, akaondoka akijisifu moyoni.

Jumatatu tarehe 11, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, aliingia tena na ndoo yake, akaona punje ndani ya chombo zimegeuka waridi zote. Aliijua maana yake, kwa sababu dada ndiye aliyemfundisha, akiwa amemwonyesha kwa kidole, "Zikiwa hivi, kazi imekufa." Alisimama pale na ufagio, akisikia lifti ikipanda na kushuka, akahesabu onyo la kwanza na la pili, akamfikiria mke wake, kisha akafanya jambo ambalo si kosa la kutojua, ni dhambi ya kujua. Alifungua kabati, akatoa kopo la punje mpya za bluu, akamimina zile za waridi kwenye mfuko wa taka, akaweka za bluu mahali pake, akafunika, akapiga deki sakafu nzima mara mbili ili mikono ipate la kufanya. Saa nne Profesa akaingia, akatoa utando wenye chumvi asilimia thelathini na tano, akaubana kati ya vipande viwili vya chuma, akapima, na mdogo wake akiwa koridoni akasikia mtu mzima anapiga makofi peke yake.

Namba ile ilikuwa mara mia ya utando wowote uliowahi kupimwa pale. Marehemu aliporudi Jumanne Profesa alikuwa ameshaandika barua kwa wenzake wa vyuo vitatu. Alisikiliza, akaenda kwenye chombo, akainama, akanusa mdomo wake, akapitisha kidole, kisha akamwambia Profesa kwamba utando umekunywa maji, tusitangaze, tupime upya, naye Profesa, ambaye ametangulia mbele ya haki mwaka 2012 na hatumsemi vibaya, akaonyesha punje akasema, "Bibi, bluu hiyo! Bluu kama sare za shule! Maji yamepita wapi?" Ushahidi wote wa marehemu ulikuwa umeshachukuliwa na gari la taka. Mchana huo alimkuta mdogo wake ngazini akamuuliza, "Ulipita kwangu Ijumaa?" akajibu, "Nilifagia tu, dada," dada akasema, "Haya," akapanda juu.

Vyuo vile vitatu vilirudia kazi, hakuna kilichopata namba ile, na hata pale pale marehemu alitengeneza utando huo huo mara kumi na moja bila kuipata. Barua zikaanza kuja, za heshima kwanza, kisha za kejeli, na Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2008, saa tatu asubuhi, ikaketi kamati ya watu watatu kumhoji fundi, maana Profesa alikuwa amesema kwamba yeye alipima tu, aliyetengeneza ni fundi. Mdogo wake alitumwa kupanga viti na kumimina maji kwenye glasi, akaambiwa asimame karibu na mlango, huenda akahitajika, na hivyo ndivyo Mungu alivyomweka ndani ya chumba kile, asikie kila neno.

Mwanasheria wa chuo, ambaye hakuwa mtu wa maabara, alifungua daftari la kazi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, "Tarehe nne Agosti, nimetia chumvi. Tarehe tano, nimetia chumvi tena. Tarehe sita, nimetia chumvi zaidi ya jana." Akaliweka daftari mezani, akawatazama wenzake, akasema, "Waheshimiwa, huyu mama amekiri kwa maandishi. Tumejisumbua bure." Marehemu akasema, "Mzee, ni chumvi." Mwanasheria akasema, "Nami nimesema ni chumvi." Karani akafunika mdomo, mwenyekiti akakohoa, na marehemu, ambaye hakuwa akicheka, akaeleza taratibu kwamba kwenye kazi ile chumvi hutiwa kwa mizani ndani ya chupa, haitiwi kwenye maneno. Walicheka kidogo, lakini mdogo wake pale mlangoni aliona jinsi neno lilivyonata, kwani kabla ya saa sita jengo zima lilikuwa limeshampa dada yake jina, Mama Tia-Chumvi, nalo halikumtoka tena.

Kisha mwenyekiti akamuuliza kama kuna mtu mwingine anayeingia chumba kile. Akajibu, "Tuko watatu, mimi, Profesa na mfagizi." Akaulizwa kama mfagizi aliingia Ijumaa ile. Akajibu kwamba huingia kila siku, ndiyo kazi yake. Akaulizwa kama mfagizi aligusa chombo, na hapo marehemu akatazama jagi la maji, hakumtazama aliyelishika, akasema, "Nikisema aligusa, sikumwona. Nikisema hakugusa, sikumwona. Chombo kiko chini yangu." Mwenyekiti akageuka mlangoni. "Na wewe bwana, uligusa?"

Mdogo wake alikuwa na muda wa kusema. Alikuwa na muda mrefu, tangu siku ile amekuwa akiupima na kila akiupima anaona ulitosha. Alisema, "Sikugusa tando, mzee." Ikaandikwa hivyo. Ni kweli tupu, kila neno ni kweli, na ndiyo sababu ni uongo mkubwa kuliko wote aliowahi kusema, kwa kuwa aliuchonga kutoka kwenye kikaratasi cha dada yake mwenyewe. Marehemu alifumba macho, akayafumbua, akanywa maji.

Tarehe 1 Novemba 2008 aliondolewa maabara akapelekwa stoo ya vyombo, chini, chumba kisicho na dirisha, kuosha chupa, na tarehe 19 Oktoba mke wa mdogo wake alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike, na aliyeleta nguo za kwanza za mtoto, zilizoshonwa na shemeji, ni marehemu. Alikaa stoo miaka sita. Hakulalamika, lakini asidhani mtu kwamba hakuumia, kwani shemeji anasema kwa miaka miwili ya kwanza hakuonja chakula chake mwenyewe akipika, alimpa mwingine aonje, akisema ulimi wake umeambiwa ni mwongo. Kule chini aliomba mizani ya zamani iliyotupwa, akaitengeneza, akaomba ruhusa atumie saa yake ya chakula, na kwa saa hizo za chakula, kuanzia Januari 2009 hadi Desemba 2013, alitengeneza tando upya kuanzia zisizo na chumvi kabisa, akipanda tano tano kwa mia hadi arobaini, kila moja mara tatu, na kifuniko cha chombo chake alikifunga kwa kufuli. Fundi wa maabara ya juu alimpimia kwa siri. Ikaonekana kwamba umeme hupanda hadi asilimia ishirini, hapo ndipo kilele, kisha hushuka, na ile thelathini na tano iliyopigiwa makofi ni miongoni mwa zilizo dhaifu.

Mwaka 2014 alikuja mkuu mpya wa maabara, mama aliyeketi safu ya pili, akaliona daftari lile, akapima mwenyewe, namba zikalingana, na tarehe 3 Novemba 2014 marehemu akarudishwa kwenye mlango wa kijani, jedwali lake likawekwa kwenye fremu ukutani, ambako liko hadi leo. Familia inamshukuru. Ila chini ya jedwali lile pana mstari usemao, "Limerekebishwa na fundi baada ya makosa yake ya mwaka 2008," na marehemu aliupita mstari huo kila asubuhi kwa zaidi ya miaka saba hadi alipostaafu tarehe 3 Machi 2022, na mdogo wake, kwa kazi yake, ndiye aliyekipangusa kioo chake vumbi.

Marehemu alianza kuugua Julai 2021, miguu ikivimba, na ikagundulika kuwa figo zake zimechoka. Daktari alimkataza chumvi, naye akamwambia, "Daktari, mimi ndiyo nasema watu wasizidishe, leo naambiwa mimi?" akatii, akaipima iliyoruhusiwa kwa mizani. Alianza kusafishwa damu Februari 2023, akalazwa tarehe 22 Mei, na alasiri ya Jumapili tarehe 4 Juni, mdogo wake akiwa peke yake kando ya kitanda, marehemu alimshika mkono akamuuliza, "Mdogo wangu, una la kuniambia?" Akajibu kwamba bati la nyumba yake limeanza kuvuja, kisha akaona aibu ya jibu hilo, akasimama, akauliza, "Nikuletee maji, dada?" Dada akamtazama, akatabasamu kwa shida, akasema, "Maji yameshaingia ya kutosha." Mdogo wake alidhani anasema juu ya ugonjwa. Alifariki dunia Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa tisa na dakika kumi mchana, mume wake na watoto wake watatu wakiwapo, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na wanaosema mtu wa umri huo amekula chumvi nyingi hawajui kwamba huyu alikula kidogo kuliko wote.

Juzi Jumatano, mdogo wake alipofungua sanduku la marehemu atafute cheti ili aandike historia hii, alikuta daftari dogo la jalada jeusi, si la kazi, la kwake. Ukurasa wa tarehe 12 Agosti 2008 umeandikwa hivi, "Mdomo wa chombo hauna grisi, unanuka sabuni ya sakafu. Punje ni mpya, hazina vumbi la chaki nililolimwaga mimi mwezi uliopita. Ninamjua. Hajasema." Chini yake pana tarehe 12 Agosti 2009, na neno moja, "Bado." Kisha 2010, "Bado." Kisha mwaka kwa mwaka, kalamu tofauti, mwandiko ule ule usiotetemeka hata alipokuwa mgonjwa, hadi 2022, bado kumi na nne.

Kwa hiyo, mbele ya Mungu na mbele yenu, mdogo wake anatamka kwamba aliyefungua chombo ni yeye, aliyefuta grisi ni yeye, aliyebadilisha punje ili isijulikane ni yeye, na kwamba marehemu hakuzidisha chumvi hata chembe, si kwenye chupa wala kwenye namba wala kwenye maneno, na miaka sita ya stoo aliilipa kwa niaba ya mtu aliyekuwa akimpangusia vumbi. Anamwomba shemeji msamaha, anawaomba watoto, hasa yule wa mwisho aliyechekwa shuleni kwa jina la mama yake, na hawalazimiki kumpa leo. Kazi yake ameshaandika barua ya kuiacha, iko mfukoni. Na kwako, mkuu wa maabara, ana ombi moja tu, lile jedwali lishushwe ukutani, mstari wa chini ukatwe, lirudishwe bila mstari, na kama mfagizi atatakiwa kushika ngazi, yupo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, ambao walimwita fundi mpaka siku ya mwisho, majirani waliopika na kulala chini kwa siku tatu hizi, wafanyakazi wenzake wa maabara na wa stoo, fundi wa juu aliyepima kwa siri, na fundi seremala wa mtaani aliyelitengeneza jeneza hili akalipima mara tatu bila kuulizwa anatafuta nini. Mdogo wake anamshukuru pia shangazi, ambaye sasa hivi analia, na hakusimama kuzinyang'anya karatasi.

Dada, daftari lako jeusi liko hapa. Chini ya ile bado ya kumi na nne, leo asubuhi, kwa mwandiko wangu mbaya, nimeandika tarehe 9 Juni 2023, na neno moja.

Amesema.

Pumzika sasa, dada yangu.